Ndege Inayosimama Njiani

"Ukifika huko juu, usimwambie dereva apunguze mwendo," shemeji yake alipaza sauti kutoka ng'ambo ya kamba, mahali wasindikizaji wanapokomea.

"Nikimwambia, wewe utajuaje?" Bi Tiketi alijibu bila kugeuka. Foleni ilikuwa inamsukuma, pasipoti mpya ilikuwa mkononi, na alijua akigeuka atalia.

Jina la Bi Tiketi alilipata kituo cha mabasi. Alikata tiketi pale tangu usichana wake, kwenye kibanda cha bati chenye dirisha dogo. Msafiri akija, hakuuliza kwanza unakwenda wapi. Aliuliza nani anakusubiri. Bwana harusi alimpa basi la moja kwa moja. Wengine aliwapa mabasi yanayosimama kila mji, na wakilalamika aliwaambia wanyamaze, watamshukuru. Maana alikwisha kuona yanayotokea basi likisimama: dada anatokea chini ya dirisha na kifurushi, bibi anainuliwa mjukuu amwone, amguse shavu, kisha mtoto anashushwa na gari linaondoka. Basi linalosimama, alisema, lina watu wengi kuliko waliokaa ndani yake.

Kwa hiyo binti yake alipompigia simu kutoka huko mbali aliko na kumwambia, "Mama, njoo, nakaribia kujifungua, tiketi nitailipa mimi, chagua ndege tu," Bi Tiketi alikwenda kwa wakala na kichwa chake cha kituo cha mabasi.

Msichana wa wakala alimgeuzia kioo cha kompyuta. "Hii ya kwanza haisimami, mama. Unapanda hapa, unashuka kwa mwanao. Hii nyingine ya kampuni ya pili inatua katikati, na hapo katikati unasubiri kutwa nzima. Watu wazima hatuwapi hii."

"Inatua wapi?"

Msichana akataja mji. Bi Tiketi aliushika ukingo wa meza.

"Nipe hiyo."

"Mama, miguu itavimba!"

"Miguu ni ya nani, mwanangu?"

Hakusema zaidi. Angesema, msichana yule angemweleza, na hadithi ingekuwa nyingine.

Katika mji ule alikuwa Kitinda, mwanawe wa mwisho. Alikwenda kuosha vyombo katika jiko la hoteli, vibali vikaisha muda, na sasa akitoka nchi ile harudi tena. Baba yao alipofariki hakuja kuzika. Tangu siku hiyo dada yake hakumtaja kwa jina, alisema tu "yule mtu wako."

"Umepata ile ya moja kwa moja?" binti aliuliza jioni ile. "Daktari ameshapanga siku ya upasuaji. Nataka nikifumbua macho nikuone."

"Ile imejaa, mama'angu," alisema Bi Tiketi, yeye aliyewagombeza makondakta kwa uongo wa namna hiyohiyo. Kisha akampigia Kitinda: napita hapo kwenu, ndege inasimama, uje mlangoni. Kitinda akasema, "Nitakuja, mama."

Ndege ilitua asubuhi. Bi Tiketi alijitanda khanga upya, akapaka mafuta usoni, akawafuata wanaotoka. Mlinzi akaitazama kadi yake ya safari na kumwonyesha ngazi za kupanda juu. Yeye akaonyesha mlango. Mlinzi akaonyesha ngazi. Mchuuzi wa vitambaa aliyekaa naye kwenye ndege, anayeijua lugha ya pale, akaja kuwaamua.

"Anasema huna viza ya kuingia nchi yake, dada."

"Mwambie siingii nchi yake. Naishia mlangoni. Mwanangu yuko hapo tu, nimsalimie, nirudi."

Mchuuzi alitafsiri. Mlinzi akatazama viatu vyake mwenyewe, kisha akaonyesha ngazi tena, taratibu.

Huko juu palikuwa na viti vya chuma na ukuta wa kioo uliotazama ndege tu. Mchuuzi akamsaidia kuunganisha simu na mtandao wa pale, kisha akajitenga.

"Wamenizuia, baba. Uko wapi?"

"Hapa wanapotokea watu."

"Basi waambie wewe, unaijua lugha yao!"

"Mama, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba hawatakuacha utoke. Nilijua tangu siku ile uliponipigia."

"Na ukanyamaza? Dada yako yuko peke yake huko, na wewe ukanyamaza?"

"Ningekwambia, ungepanda ile nyingine."

Maneno makali yalimjia Bi Tiketi, yote kwa pamoja. Aliyashikilia kinywani, na alipofungua mdomo likatoka jingine.

"Umevaa nini?"

"Koti la jikoni. Nimetoroka kazini."

"Hebu geuka nikuone," alisema, kabla hajakumbuka.

"Nimegeuka, mama."

Wakakaa hivyo kutwa nzima, yeye juu na mwanawe chini, jengo moja. Alimsimulia mazishi ya baba yake, ambayo hakuna mtu aliyewahi kumsimulia: nani walibeba jeneza, nani alichelewa, mvua ilivyonyesha wakati udongo unarudishwa. Kitinda alikuwa akisema "enhe," kisha akaacha kusema, zikabaki pumzi zake tu.

Uchungu ulimshika binti kabla ya siku ya daktari. Mtoto wa kike alizaliwa mchana ule, bibi yake akiwa bado kwenye kiti cha chuma. Aliyekuja kumpokea Bi Tiketi ni mkwewe, peke yake. Binti hakuuliza kitu, na kwa siku kadhaa hakusema kitu. Bi Tiketi alikaa kule hadi mtoto alipoanza kutembea, kisha akarudishwa nyumbani kwa ndege isiyosimama. Shemeji alikufa mwaka uliofuata. Mchuuzi hakuonekana tena. Dada mtu bado hazungumzi na ndugu yake, ila humtumia picha za mtoto, bila neno. Kitinda yuko jikoni kulekule, vibali hana. Siku za mapumziko hupanda treni hadi uwanja wa ndege, akakaa pale wanapotokea watu, kisha akarudi.