Goti la Jarvon Pettway

Hosea Pettway alikuwa amepewa mpaka Jumamosi atamke mbele yetu kama anambakiza mdogo wake au anamwachia.

Kwanza niwaeleze kanuni, maana balaa lote lilitoka humo. Sisi wa kiwanda cha kuku hapa Tolliver, Alabama, tuna ligi yetu ya mezani. Kila mtu anajiundia timu kwa majina ya wachezaji wa kweli wa futiboli, hii yetu ya helmeti na kugongana. Jumapili wao wanavunjana mbavu uwanjani, sisi tunahesabiwa pointi zao sebuleni. Msimu mpya ukikaribia, majina yote hurudishwa yagawanywe upya, ila kila mtu anaruhusiwa kubakiza jina moja. Tangu Jarvon aingie ligi kubwa, Hosea alikuwa anabakiza jina hilo hilo la mdogo wake. Jarvon ni mkimbiaji, yule anayepewa mpira mkononi na kutumwa kichwa kichwa kwenye ukuta wa watu wenye uzito wa ng'ombe.

Oktoba iliyopita ukuta ule ulimwangukia, kano za goti la kulia zikakatika. Akapasuliwa. Sasa ilikuwa Agosti, na timu yake ilikuwa imetangaza kwamba mtu wao amepona kabisa. Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote. Nililisikia likisemwa juu ya Norvella Tate, aliyekata mapaja ya kuku mpaka vidole vikagoma kufunguka. Muuguzi wa kiwanda alimpa barafu na vidonge, akamrudisha siku ile ile kwenye mkanda unaopitisha kuku. Leo Norvella anafungwa vifungo vya blauzi na mjukuu wake. Meneja wa wakati ule walimpandisha cheo. Nalikumbuka jina lake, na la mkewe pia.

Wiki ile, chumba cha mapumziko kilikuwa na habari moja tu.

"Hosea, goti vipi?" aliuliza Verlene, anayetundika kuku kwenye ndoano, mkate umemjaa mdomoni.

"Liko mguuni."

"Usinibanie, baba. Mie namfikiria. Miaka ishirini na minane, goti la kushonwa, na wameleta kijana mwenye mapaja kama magogo. Mwaka huu mpira atausikia redioni."

"Mapaja si hoja," alisema Dub Lassiter. Dub ni msimamizi wa zamu yetu, na ana kipindi chake mtandaoni cha kuwashauri watu wamchukue mchezaji yupi na wamtupe yupi. Wanaomsikiliza ni wengi kuliko waumini wa makanisa yote ya hapa, na wengine wako mbali sana. "Mkimbiaji aliyetoka kwenye kisu, swali ni kama bado anaweza kukata kona. Hilo anayelijua ni kaka mtu. Kaka mtu, tupe basi."

Hosea alifunga bakuli lake, akatoka. Nilimfuata mpaka kwenye maegesho.

"Sikukuu ya uhuru, Julai, alikuja kwa mama," aliniambia. "Ennis, nilimwona anashuka ngazi za barazani kwa ubavu, kashika reli kwa mikono miwili. Anadungwa sindano kabla ya mazoezi. Daktari mwingine, si wa timu, kamwambia likikatika tena hatatembea sawasawa maisha yake yote."

"Umemwambia aache?"

"Mimi nimemwambia, mama kamwambia, mchungaji kamwambia. Anacheka tu. Anasema, kaka, wewe nibakize kama kawaida, watu wasishtuke."

"Usimbakize. Sema wazi, na Dub akiwepo. Akiropoka kwenye kipindi, hao wa timu watasikia. Angalau waone haya kumpanga."

"Atanichukia."

"Akuchukie huku anatembea."

Jumamosi mchana tulikusanyika kwenye kibanda cha gari cha Dub, kambare wanakaangwa, bia zimo kwenye barafu. Zamu ya Hosea ilipofika, alisimama. Kwetu hakuna anayesimama.

"Namwachia Jarvon," alisema. "Goti limekufa. Nawaomba mtu yeyote asimchukue. Na wewe Dub, waambie watu wako."

 Verlene akaangua kicheko.

"Mwoneni huyu. Anatulilia msiba ili sote tukimbie, halafu mwishoni amwokote kama embe lililodondoka, na jina lingine ashabakiza."

Hila hiyo ipo. Verlene mwenyewe aliwahi kumzushia mchezaji wake homa ya matumbo ili amrudishe kwa urahisi. Ndiyo maana wote waliielewa haraka, wakaanza kupigapiga meza.

"Sitanii, Verlene."

"Na uso kaukunja vizuri. Ungekuwa mchungaji, tungetoa sadaka mara mbili."

Nikawaambia mtu huyu anasema kweli.

"Ennis, kwako kila kitu ni kidonda," Dub alisema. "Kaa, ule samaki."

Samaki hawajaiva vizuri, Dub alikuwa ameshamchukua Jarvon. Jioni ile ile akatangaza kwenye kipindi chake: kaka wa damu kajaribu kutufichia mtu, kwa hiyo goti ni zima, wahini.

Kesho yake nilikuwa kwa Hosea, tunabadilisha breki za gari lake, Jarvon akapiga simu. Hosea alikuwa na grisi mikononi, akaweka sauti ya nje.

"Kaka, umeniua kwa kicheko. Huku wote wamesikia kipindi, wanacheka, mpaka kocha. Umewapiga chenga ya mwaka."

"Jarvon, nilisema kweli."



"Najua," Jarvon alisema. "Ila wao wameshaamini vingine. Acha hivyo hivyo."

Mechi ya pili ya Septemba, hakuna hata aliyemgusa Jarvon. Alikanyaga ili akate kona, mwili ukageuka, mguu ukabaki. Mama yao aliinuka mbele ya televisheni, akaenda jikoni, akafungulia maji, akayaacha yatiririke.

Jumatatu, kabla ya kengele ya zamu, Hosea alimwomba Dub ruhusa ya kusafiri kwenda kwa mdogo wake. Nilikuwa pembeni yake kwenye mkanda.

"Nenda, kaka, nenda. Pole sana," Dub alisema. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Ila ukifika huko, niambie ukweli. Ni msimu mzima, au Desemba anaweza kurudi?"

Hosea alivua glavu, akamshikisha Dub mkononi, akaondoka. Dub alinigeukia.

"Nimeuliza vibaya?"

 Kengele ilikuwa imelia, mkanda umeanza kwenda, na kuku wa Hosea walikuwa wanapita bila kukatwa.