Brashi Isiyotaka Bakuli

Bakuli lile kinyozi alilivunja mwenyewe, kwa makusudi, Jumatatu asubuhi kabla hajafungua duka. Alilitoa rafuni, akalitazama, akaliachia lianguke sakafuni, kisha akaenda kuchukua ufagio. Alitaka mtu akimwuliza bakuli liko wapi, aweze kujibu kwamba limevunjika na asiwe mwongo. Mtu mzima huyo, ana wajukuu wawili.

Kosa la bakuli lilikuwa moja tu: lilipiga kelele. Miaka ishirini na sita alilishika kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukikoroga sabuni kwa brashi, na siku zote lilikaa kimya kama vyombo vingine. Lakini kwa miezi miwili sasa, kila akilishika, mpini wa brashi ulianza wenyewe kugonga ukingo, ka-ka-ka-ka, na yeye hajaanza hata kukoroga. Mteja mmoja alidhani ni madoido, akamsifu. Hariri akacheka naye, na kijasho chembamba kikamtoka mgongoni.

Hariri ndilo jina alilopewa na wateja, kwa sababu wembe wake ulipita shingoni mtu akaja kugundua tu kwamba ameshanyolewa. Alilipenda jina hilo kuliko lile walilompa wazazi. Sasa lilimtisha. Kila mtu alipoliita mlangoni, aliuficha mkono wa kushoto mfukoni.

Mkono wenyewe ulikuwa na ukaidi wa ajabu. Ukipewa kazi ulitulia, ukiambiwa utulie ndipo ulipoanza. Hariri aliujua ugonjwa huo tangu mwanzo wake hadi mwisho wake, maana marehemu baba yake alianza vivyo hivyo, mkono huohuo, na gazeti. Mzee akishika gazeti asome, karatasi zinachakarika. Mwaka wa nne walikuwa wanamlisha kwa kijiko, na Hariri ndiye aliyekuwa akimnyoa, akimfuta mate, akimwambia tulia baba, tulia kidogo tu. Kwa hiyo asije mtu kusema kwamba kinyozi huyu alikuwa anajitia hofu bure. Aliogopa alipoamka, aliogopa alipofunga vifungo vya shati, na kitandani aliulalia ule mkono mpaka ukafa ganzi, mkewe asije akausikia. Daktari hakumwendea. Aliyajua atakayoambiwa.

Jambo lililomkosesha usingizi hasa lilikuwa la fundi cherehani. Wiki mbili nyuma, akimnyoa chini ya taya, mkono wa kushoto uliokuwa umevuta ngozi uliruka mara moja tu, na wembe ukala nyama. Kidonda kilikuwa kidogo. Fundi cherehani alicheka, akasema hata yeye hujichoma sindano. Damu ikakauka kabla hajavaa koti, na Hariri akabaki ameketi kwenye kiti cha wateja.

Sasa sikiliza yaliyompata. Jumanne jioni, wakiwa mezani, mkewe alimpa habari za kaka yake. Huyu shemeji alikuwa mwalimu mstaafu, kaka wa pekee wa mkewe, na kila Alhamisi alikuja dukani kunyolewa na kupiga soga. Damu ilikuwa imemganda mguuni, akalazwa wiki tatu, na sasa ametoka na dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Nyepesi kweli, mkewe alisema. Juzi alijikwaruza kwa ukucha tu, damu ikatoka tangu asubuhi mpaka saa sita mchana. Kisha, macho yakiwa kwenye sahani, akasema Alhamisi atakuja kunyolewa kama kawaida.

Hariri aliacha kutafuna. Aliuliza, kama mtu asiyejali sana, je, hospitali hawakumkataza wembe? Mkewe alisema walimkataza, lakini kaka yake mashine haitaki, anamtaka Hariri. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, mtu yeyote mwenye akili angepita. Hariri alisema, "Basi aje," akanywa maji kwa mkono wa kulia.

Kiburi, hakuna jina lingine. Lakini pia alikuwa amejitengenezea matumaini, na matumaini yenyewe aliyatundika kwenye brashi. Alijiambia hivi: ndevu za wiki tatu ni ngumu. Ukizipaka povu lililokorogwa bakulini, povu linakaa juu juu kama blanketi. Lakini ukiisugua sabuni moja kwa moja usoni, ukalikoroga povu hapohapo mashavuni kwa brashi yenye nguvu, nywele zinasimama, zinalainika hadi shinani, na wembe hauhitaji kukandamizwa. Ngozi hata haihitaji kuvutwa sana. Na kama ngozi haivutwi, mkono wa kushoto una kazi gani? Ubaki mfukoni. Basi shida yote ikawa ni kupata brashi ya kazi hiyo.

Jumatano mchana alifunga duka akaenda kwa mama muuzaji wa vifaa vya vinyozi, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, ambaye alijua kila mkasi uliowahi kupita mikononi mwake. Akamwambia anataka brashi ya kupakia povu usoni. Mama akavaa miwani. "Usoni? Wewe si mtu wa bakuli?"

"Limevunjika," alisema Hariri, upesi, kana kwamba kaulizwa na polisi.

Mama alipanga brashi kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa na nywele ndefu, laini mno. Hariri akaijaribu kavu shavuni mwake, ikalala. Hiyo ilifaa bakuli. Usoni ingejikunja na kumpaka mtu povu hadi puani. Ya pili ilikuwa fupi na ngumu, ikamchoma kama ufagio wa choo. Uso wa mtu wa damu nyepesi ukisuguliwa na kitu hicho utavuja kabla wembe haujafunguliwa. Ya tatu ilikuwa ya nyuzi za plastiki, laini kwenye ncha, lakini ukiikandamiza inakurudisha kwa kishindo, na yeye hakutaka kitu kingine cha kuruka mkononi mwake. Akaibonyeza, akaitazama, akaiweka chini.

Kisha mama akachukua mbili kwa pamoja, zote za singa za farasi, akamnyooshea mikono yote miwili. "Shika hii na hii, uzipime uzito."

Hariri alitoa mkono wa kulia. Akachukua moja, akaibonyeza kwenye shavu, akairudisha, akachukua ya pili. Mama alibaki ameinua mkono hewani. Macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye mfuko wa suruali ya kinyozi, na mfuko, kwa kuwa mkono ulikuwa umeambiwa utulie, ulikuwa unacheza. Hariri aliona kwamba ameonekana. Alingoja aulizwe, na kwa dakika nzima alitamani kuulizwa.

"Hiyo ya pili," mama alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nywele zake si ndefu, zimeshonana vizuri, katikati ina uti. Na mpini ni mnene, hauponyoki."

Hariri aliondoka na brashi kifuani, ndani ya shati, akitembea haraka kama aliyeiba.

Alhamisi saa tatu shemeji aliingia na fimbo, amekonda, ndevu nyeupe zimemjaa. Siku nyingine angeanza na utani hukohuko mlangoni: kwamba mahari aliyoitoa Hariri haikutosha na dada yake anaweza kurudishwa muda wowote. Leo alisalimia tu. Akaketi, akaegemea, akafumba macho. Hariri alidhani ni mguu unamuuma.

Akamfunga shuka. Akamkanda uso kwa taulo la moto mara mbili. Akamsugua kipande cha sabuni mashavuni na kidevuni, akailoweka brashi, akaikung'uta maji, akaanza kuizungusha. Na kwa kweli brashi ilikuwa brashi. Povu lilianza kama maziwa, likawa zito, likapanda, na nywele za shemeji zikasimama moja moja kama alivyotarajia. Mkono wa kulia ulikuwa na uhai wake wote. Wa kushoto aliuweka utosini mwa shemeji, akaukandamiza hapo, ukanyamaza. Kwa muda mfupi Hariri alikuwa na furaha. Alizungusha upande wa kulia, akahamia wa kushoto, akashuka shingoni, akarudi wa kulia tena.

Akaendelea. Povu lilikuwa tayari zamani, mtoto mdogo angeliona, lakini kila alipofikia mwisho wa uso alianza upya. Alijua kwamba akiiweka brashi chini itabidi ashike kitu kingine. Povu lilianza kukauka pembezoni, akaongeza maji, akazungusha. Shemeji hakulalamika. Mikono yake ilikuwa imeshika mikono ya kiti, na kucha zake zilikuwa nyeupe.

Hatimaye Hariri alijikaza. Akaiweka brashi chini, akafungua wembe.

Mashavu yalipita salama, kila moja mipapaso miwili, myepesi, bila kuvuta. Lakini shingo ya mzee aliyekonda haina hila nyingine: ngozi imelegea, imekunjamana, na wembe ukipita bila ngozi kuvutwa utaingia kwenye mkunjo. Alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa kazi. Brashi ipi duniani ingebadilisha shingo ya mtu? Akautoa mkono wa kushoto utosini, akaweka vidole viwili chini ya sikio, akavuta. Akausogeza wembe mpaka ukagusa povu. Chini ya povu mshipa ulikuwa unapiga, anauona kabisa, damu nyepesi kama maji. Na vidole viwili vikaanza.

Alijiambia vitatulia. Havikutulia. Ngozi ilikuwa inatikisika chini ya makali, na yeye alikuwa bado ameushikilia wembe palepale, sekunde baada ya sekunde, akiwaza kwamba akipitisha mara moja tu, upesi, itakuwa imekwisha na hakuna atakayejua.

Alirudi nyuma hatua mbili. Wembe akaufunga, akauweka kwenye droo, akaisukuma droo kwa goti.

"Shemeji," alisema. "Mkono wangu unatetemeka. Ni ule ugonjwa wa baba. Siwezi kukunyoa. Simnyoi mtu tena."

Shemeji alifumbua macho. Alishusha pumzi ndefu mpaka povu la mdomoni likamrukia puani, na akiwa hivyo, nusu uso mweupe, akaanza kulia bila sauti, mzee mzima. Hariri alimpa taulo. Shemeji alisema alikuwa na hofu tangu jana, usiku hakulala, asubuhi kaandika barua kwa wanawe akaiacha chini ya mto.

"Sasa kwa nini ulikuja?"

"Dada amenituma. Anajua mambo yako tangu wiki ya kwanza. Unadhani mtu anaulalia mkono miezi miwili, mke asijue? Alisema kukwambia hawezi, utakana, na mwisho utamkata mtu. Akasema kuna shingo moja tu ambayo hutathubutu. Nikamwuliza, na akithubutu je?"

"Akasema nini?"

"Alivaa viatu, tukaja wote."

Hariri alifungua mlango. Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi viatu wa jirani, mkoba umefunguliwa mapajani. Ndani mlikuwa na pamba, bandeji, taulo mbili safi na kadi ya hospitali ya kaka yake. Dereva wa teksi alikuwa amesimama mbele yake, injini inaunguruma. Mke alimtazama mumewe mikononi kwanza, kama ina damu, kisha akamtazama usoni.

"Nimemwambia," alisema Hariri.

Mkewe aliitikia kwa kichwa. Alijaribu kufunga mkoba, zipu ikamshinda. Kisha akauliza lile ambalo Hariri aliliogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

"Ulikuwa umefika wapi?"

Angeweza kusema mashavuni. Mashavu yalikuwa yamenyolewa, wala asingekuwa mwongo.

"Shingoni," alisema. "Nilikuwa nimeshauweka. Nilitaka kuupitisha."

Rangi ilimtoka mkewe. Mkoba ulianguka, pamba ikatawanyika barabarani, naye akabaki ameketi pale benchini anatetemeka mwili mzima, mikono, magoti, kidevu, wala hakujaribu kujizuia. Hariri aliketi kando yake. Aliutoa mkono wa kushoto mfukoni, mbele ya fundi viatu, mbele ya dereva na kila aliyepita, akaushika mkono wa mkewe, na mikono yote miwili ikatetemeka.