Filta, Vumbi na Neno la Mtani

Daktari wa vifua huja Tamale mara moja kwa mwezi, na mgonjwa asiyefika saa saba mchana hangojwi. Kutoka Bolgatanga ni mwendo wa saa mbili na nusu, malori yakikujalia. Sasa ilikuwa saa tatu asubuhi, na Akolgo alikuwa amepiga magoti ndani ya gari lake, kakifumua kidroo cha dashibodi na kukilaza sakafuni.

Ilikuwa Januari na upepo wa jangwa ulishashuka. Miarobaini ya mtaani ilikuwa imepakwa vumbi hadi vileleni. Binti yake Atipoka, wa miaka minane, alikuwa na siku nne hawezi kulala ila kwa kuketi, maana akijinyoosha tu kifua kinapiga mluzi. Mama yake alitangulia Tamale tangu jana kushika foleni, na usiku alipiga simu kusema maneno machache: "Usipomfikisha, na wewe usifike."

Gari lilikuwa la umeme, limetoka Uchina likiwa limeshatumika, na kitabu chake hakuna mtu Bolga aliyeweza kukisoma. Hewa iliyotoka kwenye kiyoyozi ilinuka gunia bichi. Kumpitisha mtoto mwenye pumu safari nzima katika hewa ile kungekuwa kumuua polepole, kwa hiyo Akolgo aliagiza filta mpya. Mafundi wa mjini waliliogopa gari lenyewe. Yeye ni fundi wa majokofu, na kwa maoni yake anayejua jokofu anajua kila kitu kinachopuliza baridi. Kujiamini hakukuwahi kumpungukia hata siku moja.

"Mtumwa wangu! Nani kakuruhusu kulichinja gari?"

Huyo ni Kuuire, jirani yake, mfyatua matofali ya saruji, amekuja na bakuli lake la uji wa mtama mkononi. Kabla ya matofali aliendesha magari ya mradi miaka tisa, yakiwemo ya umeme. Lakini Kuuire ni Mdagaaba na Akolgo ni Mfrafra, na hao ni watani tangu mababu, kwa ugomvi wa nani ale kichwa cha mbwa, ambao hakuna aliye hai aliyeuona ukianza. Baba yake Akolgo alipofariki, Kuuire alijilaza mlangoni mwa nyumba ya msiba, akakataa kuinuka mpaka apewe jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Sheria ya utani ni kwamba hukasiriki, na unachoambiwa hukiamini.

"Bwana wako yuko kazini," Akolgo akajibu bila kugeuka. "Kaa mbali. Wewe ukiona taa mbili zinang'aa unadhani ni macho ya mbwa, utaning'atia gari."

"Na wewe shika taratibu. Hilo si jokofu la mama muuza samaki."

Nyuma ya kidroo palikuwa na kifuniko chembamba. Akolgo akakibana, kikatoka. Filta ya zamani ikaonyesha ukingo wake, nyeusi tititi. Akaivuta, ikagoma. Akatikisa, akagonga kwa kiganja, akavuta tena kwa hasira, ikachomoka vipande viwili. Majani makavu, mabawa ya panzi na konzi nzima ya vumbi vikamwagika ndani, kwenye koo la feni. Akachungulia, akaona giza tu. Akachukua filta mpya, akaisukuma mahali pake, mshale ukielekea chini kama ulivyochorwa, akafunika, akarudisha kidroo. Dakika ishirini tu! Alijiona bingwa.

Kuuire alikuwa ameacha kunywa uji.

"Sikiliza. Lile vumbi limeingia kwenye feni. Mtoto asipande kwanza. Fungua milango yote, washa feni hadi mwisho, iteme. Dakika kumi."

"Dakika kumi! Unataka nichelewe ili ukatangaze kwamba Mfrafra hajui saa."

"Nakwambia kweli, bwana."

"Mdagaaba na kweli, nani aliwakutanisha?"

Kuuire akacheka. Ilimlazimu acheke, ndivyo utani unavyotaka, na hapo na yeye akakosea. Alipaswa kumshika mwenzake shati.

Akolgo akamketisha Atipoka kiti cha nyuma na kumfunga mkanda. Mlango wa nyuma alishauwekea loki ya watoto zamani. Mkoba wenye pampu ya pumu akauweka kiti cha mbele, na juu yake kadi ya kufungulia gari. Vioo vyote alivipandisha ili vumbi la nje lisiingie. Kisha akasimama nje, akatoa simu mfukoni, kwa sababu mtani alikuwa anatazama.

"Angalia ustaarabu. Gari linawashwa kwa kidole."

Akabonyeza. Loki zikalia ta! kwenye milango yote, na feni ikaanza kwa nguvu zake zote.

Vumbi likatoka kwenye matundu yote kwa mpigo mmoja. Ndani ya gari pakawa na ukungu wa kahawia, na Atipoka akapotea humo. Wakamsikia anakohoa. Kiganja chake kikatokea kwenye kioo, kikapiga mara mbili. Akolgo akavuta mlango, umefungwa. Akabonyeza simu, duara likazunguka. Akabonyeza tena, duara likazunguka, mtandao wa Bolga ukamwomba asubiri. Akauendea mlango wa dereva, nao umefungwa, na kadi anaiona palepale juu ya mkoba.

"Atipoka! Njoo mbele! Fungua mbele!"

Kikohozi kikakoma. Kukoma kwake ndiko kulikomtoa Akolgo roho.

"Vunja kioo!" Kuuire akapiga kelele.

Na hili lazima lisemwe, hata kama ni aibu. Akolgo alikuwa na spana kubwa mkononi, na alisita. Ni kwa kupepesa jicho tu, lakini alisita, kwa kuwa masikio yake yalizoea miaka kumi na miwili kupokea kila neno la mtu yule kama mzaha.

"Akolgo!"

Kuuire hakuwahi kumwita kwa jina lake. Ni mtumwa, ni mla mbwa, ni mtani, basi. Jina lile likampiga Akolgo kifuani, naye akakipiga kioo cha dereva. Kikasambaratika. Akaingiza mkono, vigae vikamchana hadi kwenye kiwiko, akafungua, akajitupa ndani, akakata mkanda wa mtoto kwa kisu cha mfukoni kwa vile vidole vilikataa kutafuta kitufe. Alipomtoa nje, midomo ya Atipoka ilikuwa na rangi ya majivu.

Kuuire alikuwa ameshaichomoa pampu mkobani kupitia mlango wa mbele. Akaketi chini, akamwegemeza mtoto kifuani kwake.

"Vuta. Shika. Toa. Tena, mama. Vuta."

Akolgo alisimama, damu ikimdondoka, hana kazi duniani. Pampu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne mluzi ukarudi kifuani mwa Atipoka, mwembamba, halafu mnene. Akolgo hakuwahi kufikiri kwamba siku moja ataufurahia mluzi ule. Akalia waziwazi.

Baada ya hapo Kuuire akashika kazi. Alifungua milango yote minne, akawasha feni, akaiacha iteme mpaka ikachoka kutema. Akafuta viti kwa kitambaa kibichi. Akaleta nailoni na utepe wa gundi kutoka kwenye kiwanja chake cha matofali, akaziba dirisha lililovunjika, safu tatu, akipapasa kila ukingo.

"Nitukane basi," Akolgo akasema.

"Nifungie huo mkono kwanza," Kuuire akajibu. "Unachafua."

Saa nne na robo. Bado wangeweza kufika. Akolgo akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Panda, mama. Sasa ni safi. Baba yako anakwambia."

Atipoka alimtazama. Hakukasirika, hakulia. Alimtazama vile mtoto anavyotazama ngazi iliyomwangusha. Kisha akainua uso kwa mtu aliyesimama nyuma.

"Baba Kuuire, nipande?"

Kuuire aliingia garini, akafunga milango, akawasha feni hadi mwisho, akakaa kiti kilekile cha nyuma huku ameufungua mdomo, akivuta hewa kwa nguvu. Alikaa dakika tano nzima. Alipotoka alijipapasa kifua.

"Panda," akasema.

Atipoka akapanda. Akolgo akaichukua kadi ya gari, akamwekea Kuuire kiganjani, akazunguka na kuketi nyuma pamoja na mtoto. Hakugusa kitufe chochote hadi Tamale.