Ukimya Juu ya Mbuni wa Rwezaura

Nyirabahire alikuwa akikatiza shamba la kahawa la Rwezaura, kuni kichwani, redio ya mumewe kwapani, akitafuta stesheni ya matangazo ya vifo. Hakuipata. Redio ilikwaruza tu, kama redio zote za Kimuli, kwa sababu ya ule mwanga mkongwe uliobaki tangu ulimwengu ulipoanza na ambao hauna kazi nyingine. Alipofika kwenye mbuni mmoja, mche mchanga wa kahawa, mkwaruzo ukafifia. Akatua kuni.

Sababu ilijulikana. Gesi ya moto inayokaa baina ya galaksi na galaksi ilikuwa imeshuka juu ya mbuni ule, kama ishukavyo palipofukiwa mtu. Joto lake ni mamilioni ya digrii, ila ni hafifu mno, haikaushi hata kanga. Mwanga mkongwe ukipita humo hupigwa kikumbo, ukaongezeka nguvu, ukayahama mawimbi yanayosikika redioni. Ndiyo maana penye moto huonekana pamepoa. Gesi yenyewe hakuna aionaye; hujulikana kwa kilichopungua.

Nyirabahire alipungukiwa na mume. Mbonimpa alikwenda kupalilia kahawa hiyohiyo wakati wa masika, hakurudi. Rwezaura alitangaza kwamba Mnyarwanda huyo amekimbilia kwao, na aliyekimbia hana tena kibanja, shamba la nyumbani kwake. Mbonimpa alizaliwa Isingiro, jirani tu na Kimuli. Kwao kwingine hakukujua.

Melkiory, katibu wa kijiji, alikuja na redio yake. Aliuzunguka mbuni, akatega sikio.

“Kweli, mama. Hapa kuna mtu.”

“Basi tumtoe, katibu. Nimzike, na kibanja kibaki kwa watoto.”

“Tung'oe mbuni? Kung'oa kahawa ni kosa. Nitakukamata mimi mwenyewe.”

Rwezaura alisimama hapo, mikono nyuma. Alikiri kwamba aliupanda siku ileile Mbonimpa alipotoweka. Melkiory akamsifu kwa bidii. Nyirabahire alisikia uchungu wa kumrarua mtu kwa meno, akajitwika kuni.

Kibanja kilichukuliwa kabla ya vuli. Mwaka wa tatu mbuni ule ulizaa kuliko yote, lakini wachumaji waliukataa, kwa kuwa redio zao zilinyamaza hapo. Bila redio siku haiendi. Rwezaura akampa kazi hiyo Nyirabahire, naye akaipokea, maana watoto walikuwa wakilala njaa. Alichuma zilizoiva tu, taratibu, asije akavunja tawi. Jioni alibeba debe hadi uani kwa Rwezaura, akapiga goti.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kesho urudi, umalizie.”