Kumnyamazisha Waache

"Pita tena, dada Sauda," nilisema. "Polepole, na usimtazame machoni."

Sauda alirudi njiani na ndoo yake kichwani. Waache, mbwa wangu, akaivuta kamba na kubweka. Nikasubiri. Aliponyamaza nikasema, "Basi," nikamtupia dagaa. Sauda alipopita tena, Waache alibweka mara moja tu, kisha akageuka kuutazama mkono wangu.

"Kaka Leonard, nani anamfundisha mwenzake hapo?" Sauda alicheka.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amenipa hadi Ijumaa: mbwa anyamaze, au auawe. Nami korosho zangu zote za msimu zilikuwa kwenye chumba cha nyuma, zikingoja gari la chama cha ushirika. Mlango wa chumba hicho naufunga kwa waya. Mlinzi ni Waache.

Aliyepeleka malalamiko ni jirani yangu, mzee Alfani. Nilimwomba naye apite, maana mbwa akimzoea yeye, kesi imekwisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mshike vizuri huyo. Nina udhu, sitaki mate yake."

Akapita kando ya uzio. Waache hakubweka. Alitikisa mkia, akanyoosha pua kuelekea mfuko wa koti la mzee.

Nikadhani labda amechoka. "Hebu zungukia nyuma, mzee, uje kwa upande ule."

Mzee alizunguka. Kule nyuma kuna shimo la taka nililochimba juzijuzi, na majani yamelifunika. Alilikwepa bila kutazama chini. Waache akalala chali.

"Umeona?" mzee alisema. "Ameshafundishika. Nitamwambia mwenyekiti."

"Hujawahi kumpa chochote, mzee?"

"Mimi? Mimi na mbwa wapi na wapi!"

Sauda alitua ndoo yake. "Ajabu. Mimi ananiona kila siku nikienda bombani, na bado ananibwekea."

Huenda mzee alimtupia mfupa siku moja kwa huruma, akaona haya kusema. Watu wako hivyo. Sikutaka kumhukumu mtu wa umri wa baba yangu kwa mkia wa mbwa. Lakini lile shimo lilinikaa moyoni.

"Somo bado, mzee," nilisema. "Kesho njoo tena. Ila njoo bila koti."

Mkono wake ulikwenda mfukoni, ukabaki humo. "Kesho nina safari ya Mingoyo."

"Basi ukirudi."

Alipoondoka nilimfungua Waache pale uani, nikaenda kumfunga kwenye mlango wa chumba cha korosho. Dagaa waliobaki nikamkabidhi Sauda.

"Kesho utamtupia wewe, na mimi nitamfundisha kuwakataa."

"Si ulitaka anyamaze?"

"Nataka anyamaze nikimwambia mimi."

Sauda akawafunga dagaa kwenye pindo la khanga. Waache alikuwa bado anatazama njia aliyoondokea mzee, mkia ukipiga chini taratibu.