Nyani Bila Kinyago

Mwalimu Samruay alinivua kinyago cha nyani nilichokuwa nikichezea tangu utotoni, akaniambia, "Wanlop, kuanzia leo wewe ni msaidizi wangu. Wafundishe wadogo." Akatabasamu. Yule mzee hatabasamu bure. Nikajua tu nafasi yangu jukwaani anapewa Anek, mpwa wake.

Kwetu mchezo wa vinyago haufundishwi kwa maneno. Mwalimu anasimama mbele, watoto wanafuata kila anachofanya. Basi nikaruka, nikajikuna, nikachuchumaa, huku jicho langu liko mlangoni. Anek akapita na wali wake wa kunata, akanipungia mkono. Ananipungia nini? Mara mzee akachungulia dirishani, akaondoka. Anapeleleza nini?

Nyuma yangu kukawa kimya mno. Watoto nao hawakai kimya bure. Nikageuka ghafla.

Walikuwa wameruka, wamejikuna, wamechuchumaa vizuri kabisa. Kisha wote kwa pamoja wakageuza shingo mlangoni, midomo wameibana, macho wameyafinya kama wenye duka waliomwona mwizi.

"Nani kawatuma mnikejeli? Anek, siyo?"

"Anek ndiye nani, Mwalimu?" akauliza Kung, mdogo kuliko wote.

"Sasa sura hizo mmezitoa wapi?"

"Si ndivyo nyani anavyotazama? Umetufundisha mwenyewe."

Nikapeleka mkono usoni nishushe kinyago. Hakikuwepo.

"Tuendelee, Mwalimu?" akasema Kung. "Baada ya mlango ni dirisha."