Hodi Ndani ya Santuri

Hapa Kasese wananiita Ashiraf Masanturi, na wengine wananicheka: mwanamume mzima, ana mke na watoto, kutwa anaosha sahani za muziki kama vyombo vya arusi! Wacheke. Mimi nanunua santuri kuukuu za hevi metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma. Naziosha, nazisikiliza, naziandikia daraja: safi, ya wastani, mbovu. Wanunuzi wa ng'ambo wananiamini kwa sababu sidanganyi daraja. Nimedanganya mara moja tu.

Alikuja Mama Tsongo kutoka Bwera, santuri moja kaifunga kwenye kitenge. Nilimjua. Mwanawe Tsongo alikuwa mteja wangu, mpenzi wa hevi metali mpaka ukoo ukasema ana wazimu. Mwaka jana mto Lhubiriha ulifurika ukamchukua, na maiti haikuonekana; iliokotwa santuri yake hii tu, kwenye tope.

"Siuzishi," akasema. "Nataka uipime. Mutoto wangu iko anabisha hodi ndani."

"Mama, huo ni mkwaruzo tu."

"Basi upime, useme. Wazee wanataka tuzike mugomba kesho."

Kwao asiyepatikana huzikiwa mgomba badala ya mwili, na akishazikwa hivyo, hata akija kubisha hafunguliwi.

"Ukisema ni mukwaruzo, nitakubali," akasema. "Ukisema ni yeye, nitakataa, nimungoje."

Nikaitoa kwenye jalada, nikaiinamisha dirishani kwenye jua la saa nane. Nilitafuta kwa jicho, nikatafuta kwa ukucha. Hakuna mkwaruzo, hata wa unywele! Nikaweka sindano. Magitaa yakanguruma, na wimbo wa mwisho ulipokwisha, pale ambapo sahani inazunguka bila muziki, nikasikia: ko-ko. Kimya. Ko.

Sasa sikiliza, wewe usiyejua kazi hii. Mkwaruzo hugonga kila sahani inapozunguka, sawasawa, kama mchi kwenye kinu. Haupumziki. Mlio huu ulipumzika. Na Tsongo ndivyo alivyobisha mlango wangu huu miaka yote: mbili, halafu moja.

Niliogopa, wallahi. Ningesema kweli, mama yule angekaa mlangoni kwake akingoja mpaka afe. Tena, tusifichane, nani angeniletea santuri akisikia duka langu lina mizimu?

"Huu ni uchafu wa mto tu, mama," nikasema. "Umekwama ndani."

Nikaiosha kwa sabuni, nikaifuta, nikairudisha mashineni. Kimya kitupu.

"Umeona?"

Alisikiliza mpaka sahani ikasimama. Kisha akalia, lakini si kwa muda mrefu. "Asante, mwanangu. Nilikuwa nimechoka kungoja." Akaniachia santuri, akasema hana kazi nayo tena, akaenda kupanda gari la Bwera.

Nikamwaga maji ya beseni pale nje mlangoni. Kwenye karatasi nikaandika: safi.

Kesho yake, saa tano asubuhi, nilikuwa nimejifungia nafunga vifurushi, mlango ukabishwa. Mbili. Halafu moja. Nikafungua. Barabarani bodaboda zinapita, watu wanapita, mlangoni hakuna mtu. Kizingiti kilikuwa kimelowa, na maji yangu ya jana yalikauka juani jana ile ile, na wiki tatu hatujaona hata wingu. Nikainama, nikanusa. Harufu ya tope la mto.

Nikafunga kwa komeo, nikampigia simu Mama Tsongo mbio mbio.

"Mama, mmeshazika?"

"Tumemaliza sasa hivi, Ashiraf." Sauti yake ilikuwa nyepesi, sikuwahi kuisikia hivyo. "Mulango tumefunga, kama wazee walivyosema. Leo nitalala, mwanangu. Mungu akubariki, ulinisemea kweli."

Nilifungua mdomo nimwambie. Ningemwambia nini sasa, jamani, na kaburi limeshafukiwa? Nikasema, "Lala, mama," nikakata simu.

Kwao wamemfungia. Mlango mwingine anaoujua ni huu wangu, na anabisha.